Naandika maisha ya mwalimu aliyeanzisha bendi ya shule, nianzie wapi?

tromboni_la_nyuma
Wakuu habari zenu, naomba mawazo. Mwalimu wetu wa muziki amestaafu, ndo yeye alieanzisha bendi ya shule kwenye kamji ambako kabla yake hakuna mtoto aliyewahi kushika tarumbeta, sa sisi tuliopita mikononi kwake tumekubaliana tumwandikie maisha yake angali hai ili ayasome mwenyewe. Shida kila nikianza inatoka kama barua ya kuomba kazi: alizaliwa, akasoma, akaanzisha bendi, wakachukua kombe, akastaafu. Huyo sio yeye kabisa. Yule mzee bendi nzima inapiga, klarineti moja sauti yake iko chini kidogo tu ya inavyotakiwa, na anamtaja mtoto jina bila kuinua macho kwenye karatasi ya noti za muziki. Mambo kama hayo mnayaandikaje?

klarineti_ya_tatu
Mkuu tafuta karatasi za noti alizoandika kwa mkono, anza na hizo. Nyimbo za kununua zinaandikwa kwa bendi iliyokamilika, na bendi changa haijakamilika hata siku moja, una klarineti nyingi, tarumbeta chache, honi (ile ya shaba iliyojiviringisha) hakuna, kwa iyo mwalimu anachukua sauti ya honi anampa mtoto wa saksafoni alto. Sa hapo ndo usiku unaisha, manake honi iko F na alto iko E-flati, yaani C ileile ya kwenye karatasi honi inaitoa kama F na alto kama E-flati, ukimpa karatasi ileile itatoka vurugu, lazima kila noti ipande toni moja, C ya honi iwe D ya alto, na alama za mwanzo wa mstari zibadilike. Na kama mtoto mwenyewe bado vidole vizito anapunguziwa noti za mbio bila wimbo kuharibika. Ukikuta karatasi ina jina la mtoto juu na penseli imeandika "pumua hapa", basi hapo unamwona mzee akifundisha kabisa.

vali_imekwama
Naunga mkono ila kombe nalo usilidharau ndugu, lieleze tu vizuri. Msome A. R. McAllister wa Joliet, Illinois, kule Marekani. Alikuwa mwalimu wa useremala! Akaanzisha bendi ya shule 1912, ikaja kushinda mashindano ya taifa 1926, 1927 na 1928 mfululizo. Na mashindano ya kwanza ya taifa, Chicago 1923, yalichukuliwa na Fostoria, mji mdogo tu wa Ohio. Yale ya mwanzo waliyaandaa watengenezaji wa vyombo, walitaka kuuza bila shaka, baadae walimu wa muziki wenyewe wakashika usukani wakaweka nyimbo za lazima na orodha ya vyombo ambavyo bendi inatakiwa iwe navyo. Ukiwa mwalimu wa shule ndogo orodha kama ile ni silaha, unaipeleka kwa mkuu wa shule unamwambia bila obo na fagoti, vile vyombo vya kupuliza vya mbao, tunapungukiwa. Kwa iyo muulize mzee kombe lilimfungulia milango gani, tarehe tu haisaidii.

klarineti_ya_tatu
Sawa lakini kombe ni la mwaka mmoja. Maisha ya mwalimu wa bendi ni kupoteza watu, kila mwaka wanaopiga vizuri kuliko wote ndo wanaomaliza shule, na yeye anarudi kwa watoto ambao wakipuliza unasikia upepo tu, anaanza tena noti moja ndefu, pumzi, mdomo. Aliwezaje kufanya hivyo miaka yote bila kuwachukia wapya? Mi sura nzima ningeipa swali hilo, na nisingemwacha ajibu kwa kifupi.

mama_wa_tuba
Wanangu mmesahau kitu kimoja. Waulizeni wote waliopita kwake: ulitaka chombo gani, na alikupa kipi? Mwalimu wa bendi anamwangalia mtoto midomo, meno, urefu wa mkono, mtoto mdogo kwenye tromboni mkono haufiki posisheni ya saba, pale bomba linapovutwa mbali kabisa, na wakati huohuo anawaza bendi inapungukiwa nini. Wangu alitaka ngoma, akapewa tuba, lile dude kubwa la sauti nzito ya chini, alilia wiki nzima na mimi nikaenda shuleni kugomba. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mama huyu mtoto ana subira, na bendi yote itamtegemea yeye. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mwanangu kitu kama hicho.

tromboni_la_nyuma
Shikamoo mama. Aisee na mimi nilitaka tarumbeta. Sikuwahi kumuuliza kwanini alinipa tromboni, nikienda kumhoji ntaanza na hilo. Kabati la noti bado lipo shuleni, kesho naomba ufunguo.

klarineti_ya_tatu
Kabla ya mahojiano piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, penseli inafifia haraka. Na msizipange upya, mziache vilevile alivyoziweka.