Mmempiga mbwa wangu hadi akaacha kunguruma, sasa anang'ata kimyakimya. Wakufunzi wa mbwa, hii ndiyo kazi mnayolipwa?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na nina hasira, mnivumilie.

Mwanangu wa miaka 8 ana matundu manne kwenye mkono wa kulia. Aliyemng'ata ni mbwa wetu wenyewe, Popi, na mtoto huyohuyo ndiye aliyempa hilo jina. Jumamosi jioni Popi alikuwa ameinamia bakuli lake la bluu anakula, mtoto akapita nyuma yake kuokota mpira. Mbwa hakubweka, hakunguruma, hakuonyesha hata jino. Kufumba na kufumbua mkono ulikuwa mdomoni.

Miezi miwili iliyopita mbwa huyu angenguruma, na mtoto angerudi nyuma kama alivyokuwa anafanya siku zote. Leo hangurumi. Nimelipa shilingi 400,000 kwa mtu anayejiita mkufunzi wa mbwa ili aje kumnyamazisha, na kazi hiyo aliifanya mbele ya macho yangu. Jina lake sitalitaja hapa. Nitaeleza anachofanya, kwa sababu wanaofanya kama yeye ni wengi na wanaendelea kuchukua hela za watu.

Nianze mbali kidogo. Tunakaa Goba, Dar. Mwaka juzi tuliingiliwa usiku, wakabeba mtungi wa gesi, televisheni na viatu vya watoto. Mke wangu akasema bila mbwa hapa hatulali. Nikaenda kununua kwa vijana wanaouza watoto wa mbwa kando ya barabara, wanakusogezea kwenye dirisha la gari wamemshika juujuu. Nikaambiwa ni jemani shepadi, ana miezi miwili, chanjo tayari. Nikatoa 250,000. Kesho yake daktari wa mifugo alimfunua mdomo akaangalia meno, akaniambia huyu hata wiki 6 hajafikisha, na chanjo hana hata moja.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia, na nyinyi wauzaji mnalijua hilo. Mtoto wa mbwa anatakiwa abaki na mama yake na ndugu zake angalau mpaka wiki 8. Pale kwenye kucheza na ndugu ndipo anapojifunza kupima nguvu ya mdomo wake: akimbana mwenzake sana, mwenzake anapiga kelele, anaondoka, mchezo umekufa. Mbwa aliyekosa hayo anakua hajui kung'ata kidogo kuna tofauti gani na kung'ata sana. Mnawatoa mapema kwa sababu wakiwa wadogo wanavutia, na kila wiki wanayobaki kwa mama wanaongeza gharama ya chakula. Basi.

La pili nilikosea mimi. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 14 hivi, mbwa anakuwa kwenye kipindi cha kuizoea dunia. Watu, watoto, kuku, mvua ya bati, bodaboda, mzee mwenye mkongojo: anachokutana nacho kwa amani kipindi hicho atakiona cha kawaida ukubwani. Asichokutana nacho kitamtisha. Mimi wiki zote hizo nilimfungia bandani nyuma ya nyumba, kwa sababu kila niliyemuuliza mtaani alinijibu jibu moja: "Mbwa wa ulinzi asizoee watu, atakuwa mpole." Jirani mmoja akaniambia nimchanganyie pilipili kwenye dona. Mwingine akasema nimlishe nyigu, atakuwa mkali kweli. Hayo sikuyafanya, lakini la kumficha nililifanya, na alipofika wiki 14 alikuwa anaijua dunia ya mita tatu kwa mita mbili.

Alipofika miezi minane tulikuwa na mbwa anayefanya haya: anabwekea kila bodaboda inayopita, anachimba chini ya geti, anatafuna ndala, na ukimkaribia anakula ananguruma.

Hayo yote yana sababu. Hata moja sio "ubishi".

Chukueni la bodaboda. Mchana Popi alikuwa anafungwa mnyororo karibu na geti. Bodaboda inakuja, anashtuka, anabweka, bodaboda inapita zake. Sisi tunajua dereva alikuwa anaenda zake Mbezi. Mbwa anachojua ni kwamba alibweka na lile dude likakimbia. Kwa siku zinapita thelathini, arobaini, na kila moja inamthibitishia kwamba kubweka kunafanya kazi. Mwezi mmoja wa hivyo umeshamfundisha somo kwa kurudia mara elfu moja, halafu unamlaumu eti ni mbishi! Na mnyororo unaongeza hofu, maana mbwa aliyefungwa hana njia ya kukimbia, kilichobaki kwake ni kutisha.

La ndala nalo tulikuwa tunalikosea kila siku. Narudi kazini saa 12 jioni, nakuta ndala imetafunwa tangu asubuhi, namvuta naye pale kwenye ndala, nampa kibao. Anafyata mkia, anainamisha kichwa, anageuza macho, nami nasema "unaona anajua kosa lake". Hajui. Mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hili mwaka 2009: ile sura ya "nimekosa" ilitokea zaidi mwenye mbwa alipofoka, hata pale mbwa alipokuwa hajafanya kosa lolote. Mbwa anasoma uso wako na sauti yako ya sasa hivi, anaomba amani. Adhabu ya saa nane baadaye haimfundishi kitu kuhusu ndala. Inamfundisha kwamba baba mwenye nyumba akirudi jioni kuna kupigwa.

Sasa niwarudie wakufunzi.

Huyu wangu alikuja na fimbo, mnyororo wa shingoni wa kukaba, na kipande cha mpira wa maji kama futi tatu hivi, ule wa kijani wa kumwagilia bustani. Maneno yake ya kwanza: "Mzee, mbwa ni mbwamwitu. Lazima ajue humu ndani bosi ni nani." Akamwangusha chali, akamkandamiza shingo na goti mpaka akakojoa. Akasema huko ndiko kumwonyesha ualfa, yaani kwamba wewe ndiye mkuu wa kundi.

Niliamini kwa sababu aliongea kwa uhakika. Baada ya mtoto kung'atwa ndipo nilipokaa usiku kutafuta hii habari ya alfa imetoka wapi. Mwaka 1947 mtaalamu mmoja, Rudolf Schenkel, aliandika kuhusu mbwamwitu waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wamebanwa pamoja bila pa kwenda, kwa hiyo waligombana sana, na hapo ndipo ikaanza hadithi ya mbwamwitu mkuu anayetawala kwa mabavu. David Mech, Mmarekani aliyesaidia kuieneza hadithi hiyo mwaka 1970, alikuja kuisahihisha mwenyewe mwaka 1999 baada ya kuwafuatilia mbwamwitu porini kwa miaka mingi: kundi la porini ni baba, mama na watoto wao. Wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Aliyeisambaza habari ameikana mwenyewe, miaka zaidi ya 25 iliyopita, na wewe bado unaiuza Goba kwa laki nne?

Siku ya tisa ya mafunzo yake ndiyo inayoniumiza mpaka leo. Alisema leo tunamaliza tatizo la bakuli. Akamwekea Popi ugali na utumbo, akamwacha aanze, kisha akaingiza mkono kwenye bakuli. Popi akaganda. Akaacha kutafuna, shingo ikakakamaa, akamwangalia kwa pembeni mpaka ule weupe wa jicho ukaonekana. Mkono ukazidi kuingia. Akanguruma. Mpira ukamshukia juu ya pua. Akalia, akarudi kula, mkono ukaingia tena, akanguruma tena, mpira ukashuka tena. Nilihesabu mara sita. Mara ya saba mkono uliingia na Popi akanyamaza kimya. Alikuwa anatetemeka miguu ya nyuma, lakini alinyamaza. Yule bwana akanigeukia, akafuta jasho, akasema: "Umeona mzee? Amepona."

Nami nikamshukuru. Nikamtumia salio lote kwa simu palepale.

Wakuu, nieleweni hapa, ndiyo maana nimefungua uzi. Mbwa ananguruma kukuonya. Kabla ya kunguruma ameshakuambia kwa njia nyingine: amegeuza kichwa, amelamba midomo, amepiga miayo bila usingizi, ameganda. Ukipitiliza hayo yote anatoa sauti ili usimlazimishe kutumia meno. Ukimpiga kwa sababu ya ile sauti, hofu yake ya kunyang'anywa chakula hujaigusa. Imebaki palepale, tena imeongezeka, maana sasa mkono ukikaribia bakuli maumivu nayo yanakuja. Ulichoondoa ni onyo peke yake. Anabaki na hofu ileile na meno yaleyale, na hana tena namna ya kukuambia "rudi nyuma". Wiki tatu baadaye mwanangu akapita nyuma yake kuokota mpira.

Kuna atakayeniambia mbwa wa zamani walipigwa na walikuwa sawa. Waliong'atwa zamani hawakuwa na pa kuandika. Na tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama. Kumpiga mbwa mpira puani mara sita akiwa anakula, nielezeni ni nini kama sio ukatili.

Ninachofanya sasa nakiandika kwa ajili ya mwenye tatizo kama langu, maana nilipokuwa natafuta msaada nilikutana na "mpige" tu kila mahali.

Kwanza nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, kwa sababu mbwa mwenye maumivu anang'ata. Alikutwa na uvimbe ndani ya sikio la kushoto uliojaa usaha. Mkufunzi wa laki nne hakuwahi kumshika sikio. Mnyororo nimeutupa. Geti nimelizibia mabati chini ili bodaboda asizione siku nzima. Anakula peke yake nyuma, mlango umefungwa, mtoto hasogei kabisa.

La bakuli tunalirudia kinyume na alivyofanya yule. Nikipita mbali, hatua kama kumi, namrushia kipande cha maini, naondoka. Sichukui kitu. Siku tano baadaye hatua nane. Akiganda, mimi ndiye niliyekosea, narudi mbali. Lengo ni kwamba mtu akikaribia bakuli, chakula kiongezeke badala ya kupungua. Bodaboda hivyohivyo: kijana wa jirani anasimamisha pikipiki imezimwa mwisho wa njia, Popi akiiona bila kubweka anapata ini, kisha tunaenda zetu. Wiki ijayo itawashwa. Inachosha na ni polepole. Lakini jana alikaa chini mwenyewe alipoiona, akanigeukia kusubiri ini.

NYONGEZA (saa 3 usiku): Nimesoma maoni yenu. Mnaosema "mchome sindano afe yaishe", nimewasikia, na wiki ya kwanza mke wangu alisema hivyohivyo analia. Daktari ametuambia ikiwa hatabadilika tutalazimika kukaa chini tena, na mtoto hatakuwa naye bila mtu mzima mpaka niridhike. Hilo silifanyii mzaha.

Mliouliza kuhusu kichaa cha mbwa: tuliosha kidonda kwa maji ya bomba na sabuni dakika 15 kabla ya kutoka nyumbani, tukaenda hospitali, mtoto ameanza sindano. Popi ana kadi ya chanjo ya kichaa, na bado alikaa siku 10 akiangaliwa kama dalili zitatokea. Hazikutokea. Tafadhali, hata mbwa akiwa wako na unamjua, usipake mafuta ya taa wala unga, osha na uende.

Na yule aliyeandika "mbwa wako keshaharibika, hawezi kurudi": leo asubuhi nilijisahau, nikapita karibu na bakuli nikiwa naongea na simu. Popi akaganda. Halafu nikasikia, chini kabisa, kama injini inayowashwa mbali. Amenguruma. Mara ya kwanza tangu siku ya tisa. Nilisimama, nikarudi nyuma hatua nne, nikamrushia ini, nikaingia ndani kumwita mke wangu nikamwambia mbwa amenguruma. Akakaa chini kwenye ngazi za jikoni.

Kama kuna mtu Dar anamfahamu mkufunzi asiyebeba fimbo, aniandikie. Nitamlipa, ila siku ya kwanza aje mikono mitupu nimwone.