Sauti ya video: 44.1, 48 au 96 kHz?

mpigapicha_tanga: Wakuu, habari za jioni. Narekodi harusi. Kamera inatoa sauti ya 48 kHz, rekoda ninayochomeka kwenye mixa ya DJ iko 44.1, na laptop ya Windows nayo nimeikuta 44.1. VLC inacheza vyote bila kulalamika. Nihamishie kila kitu 44.1, 48, au nipande hadi 96 nimalize? Natanguliza shukrani.

FundiMitambo: 48, mkuu. Maana yake kila sekunde sauti inapimwa mara 48,000, na hesabu hiyo inakaa vizuri na picha: ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, kila fremu inapata sampuli (yaani vipimo) 1,920, ukirekodi 24, inapata 2,000. Gawa 44,100 kwa 24 uone, unabaki na nusu sampuli. DVD na kamera karibu zote zinatumia 48.

kasri_mombasa: Ila msimtishe kijana, 44.1 si mbovu. Inabeba sauti hadi nusu yake, 22,050 Hz, na sikio zima kabisa linaishia kama 20,000. Sisi wa umri mkubwa hata huko hatufiki. Tena 44.1 yenyewe ilizaliwa kwenye kanda za video: sampuli 3 kwa mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Zidisheni.

Binti_Studio: 96 achana nayo. WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya stereo, 48 kwa biti 16 kila sampuli, ni kama MB 11.5 kwa dakika; 96 kwa biti 24 ni MB 34.5. Harusi ya saa sita inakula GB 12, halafu bibi harusi anaitazama kwa spika ya simu 😂

mpigapicha_tanga: Hahaa. Na laptop je, niiache?

FundiMitambo: Ipeleke 48 kwenye mipangilio ya spika, ingawa hutasikia tofauti. Windows kwa kawaida inageuza sauti za programu zote ziwe kiwango kimoja kabla ya kuzichanganya. Kujua faili lina ngapi, VLC bonyeza Ctrl+J, mpv (plea nyingine) bonyeza i.

Binti_Studio: Balaa linakuja faili la 44.1 likisomwa kama la 48 bila kugeuzwa. Linakimbia kwa karibu asilimia 9: hotuba ya dakika 60 inaisha kwenye dakika ya 55, na shehe anasikika kama kijana wa darasa la saba. Ukisikia hivyo, usihangaike na plea, kagua mipangilio ya projekti kwenye programu ya kuhariri.

mpigapicha_tanga: Yangu sauti haipandi. Mwanzo midomo inakubaliana, baada ya saa moja imepishana kama robo sekunde.

kasri_mombasa: Hilo ni jingine kabisa, 48 haitaliponya. Kamera na rekoda kila moja ina saa yake ya ndani, na hazilingani sawasawa. 48,000 ya huyu si 48,000 ya yule.

FundiMitambo: Kweli. Kata sauti ya rekoda kila penye ukimya, uisogeze ifuate ile ya kamera. Au kama kamera ina tundu la maiki, ingiza waya wa mixa humo moja kwa moja, ila punguza kwanza sauti kwenye mixa, inayotoka humo ina nguvu mno kwa tundu la maiki.

mpigapicha_tanga: Tundu lipo. Jumamosi kuna harusi Pongwe, naijaribu huko.