Tucson au San Diego? Naombeni ushauri, nataka kumalizia chuo kwenye jua

Mtoto_wa_Theluji:

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za saa hizi.

Nina miaka 22, naishi Minnesota na mama na wadogo zangu wawili. Mwezi wa tano namaliza miaka yangu miwili ya chuo cha jamii hapa, natakiwa kuhamia chuo kikuu nimalizie shahada ya afya ya jamii. Nimekubaliwa sehemu mbili: Chuo Kikuu cha Arizona, pale Tucson, na Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Diego, California.

Nisiwafiche, sikuchagua kwa hesabu. Januari ya mwaka jana kulikuwa na wiki nilitoka nyumbani giza, nikarudi giza, kope zinaganda kituoni nikisubiri basi. Usiku ule nilifungua ramani nikatafuta jua liko wapi. Ndipo yakaja majina haya mawili.

Tucson yupo mama mdogo, kasema chumba kipo. San Diego sina ndugu, ila kuna rafiki yangu anatafuta mtu wa kuchangia naye nyumba, halafu kuna bahari. Nitafanya kazi saa 20 kwa wiki. Green card ninayo.

Kila ninayemuuliza ananiambia San Diego ni ghali na Tucson ni tanuri, basi, mazungumzo yanaishia hapo. Nina mpaka tarehe 1 Juni kuthibitisha. Mngekuwa mimi mngekwenda wapi? Nawasilisha.

Kiroboto:

San Diego. Bahari. Uzi ufungwe.

MzeeWaTucson:

Marahaba binti. Nimekaa Tucson miaka tisa, kwa hiyo nisikilize kabla ya huyo wa bahari.

Tanuri ni kweli. Juni nyuzi joto 40 za sentigredi ni siku ya kawaida tu, na mwaka 1990 mji ulifika 47. Usije na ile ya kusema sisi ni watu wa joto, tumezaliwa nalo. Joto la Dar linakulowesha, hili linakukausha. Unatembea hujioni ukitoka jasho, kumbe maji yanakwisha mwilini kimyakimya. Usukani wa gari lililoachwa juani hushiki bila kitambaa. Watu wanafanya mambo yao alfajiri, mchana wanajifungia na kiyoyozi, jioni wanafufuka. Ni kama baridi yenu huko, imegeuzwa tu: kuna miezi mitatu ya kukaa ndani.

Lakini binti, Oktoba mpaka Aprili? Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini wazee wa huko kwenu wanahamia huku wakistaafu. Na muhula wa chuo kwa sehemu kubwa unaangukia humo humo.

Kati ya Julai na Septemba zinakuja mvua za radi. Makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu yanajaa kwa nusu saa, barabara zinageuka mito. Ukiona maji yamekatiza njia usiyapite, hata wa mbele yako akipita. Harufu ya jangwa baada ya mvua ile siwezi kukueleza, utaisikia mwenyewe. Na ukichoka na joto, mlima Lemmon uko mwendo wa saa moja hivi kwa gari, kilele chake ni zaidi ya mita 2,700. Kuna theluji kule wakati mjini watu wamevaa fulana.

Sasa swali langu: mama yako mdogo anakaa upande gani wa mji? Treni ya mjini, Sun Link, imeanza 2014, inapita chuoni hadi katikati ya mji, na yenyewe pamoja na mabasi hazitozi nauli tangu 2020. Akiwa karibu na njia hiyo umepona. Akiwa mbali, ongeza gari kwenye bajeti, na gari lenyewe liwe na kiyoyozi kizima. Kusubiri basi Juni saa nane mchana ni adhabu.

NesiWaZamu:

Mzee kasema vizuri ila karuka kitu, na mtu wa afya ya jamii lazima akijue. Kuna ugonjwa unaitwa homa ya bonde. Unatokana na kuvu anayeishi kwenye udongo wa jangwa. Upepo ukipeperusha vumbi unamvuta kwa pumzi. Wengi hawaugui kabisa, au wanapata kikohozi na uchovu wa wiki kadhaa wakidhani ni mafua. Wachache kuvu anatoka mapafuni na kusambaa mwilini, na watu weusi tumo katika makundi ambayo hatari hiyo ni kubwa zaidi. Wagonjwa wengi wa Marekani wanaripotiwa Arizona.

Simwambii mtu asiende. Watu wanaishi huko maisha yao yote. Ninachosema: ukikohoa wiki tatu Tucson, mwambie daktari akupime homa ya bonde, usikubali dawa za nimonia mara mbili mfululizo bila kipimo. Na kwa taaluma yako hicho chuo cha Arizona kina kituo kizima kinachoshughulika na ugonjwa huu tangu 1996. Wewe unaweza kuugeuza kuwa mada ya utafiti.

Dalali_Mstaafu:

Mimi nipo San Diego, nizungumzie pango.

Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara Jiji la San Diego kilikuwa dola 17.25 kwa saa. Tucson kilikuwa dola 15. Watu wanaona hiyo wanasema aah, San Diego wanalipa. Haya, tofauti ni dola 2.25. Zidisha kwa saa zako 20, ni dola 45 kwa wiki, 180 kwa wiki nne, kabla ya kodi ya serikali. Mimi mara ya mwisho kupangisha chumba kimoja, narudia chumba, si nyumba, ndani ya nyumba ya watu wanne wanaochangia choo, kilikuwa dola 1,100 kwa mwezi. Hiyo 180 yako imeishia kwenye umeme na mtandao. Kwa mama mdogo unalipa nini? Unaosha vyombo.

Uzuri wa huku: chuo chenyewe kina kituo cha treni chini ya ardhi, ndani ya eneo la chuo, tangu 2005. Unaweza kuishi mbali kidogo kwenye nafuu na usihitaji gari. City Heights, si mbali na chuo, utakuta watu wa Afrika Mashariki na Pembe wengi, nyama halali, saluni za kusuka, kila kitu.

Na kuhusu jua, nikupe siri ambayo kadi za posta hazisemi. Mei na Juni ukungu unatoka baharini unafunika pwani, kuna siku unakaa mpaka jioni. Wenyeji wameupa majina kabisa, Mei ya Kijivu na Juni ya Utusitusi. Watalii wanakuja na kaptula wanatetemeka ufukweni. Ukitaka jua la hakika miezi hiyo unaendesha kwenda bara.

Kiroboto:

Dalali unaharibu biashara ya mji wako.

Mhasibu_wa_Kijiweni:

Nimesoma wote, mnapigania pango na vumbi, hakuna aliyemuuliza binti swali la kwanza: jimbo lipi litakuhesabu mkaazi, na lini?

Mtoto_wa_Theluji, wewe unatoka Minnesota. Kote kuwili utalipa ada ya mgeni wa jimbo, ambayo ni kubwa kuliko ya mkaazi. Sasa tazama inavyopinduka. Arizona, ada ya asiye mkaazi kwa mwaka inapita dola 40,000 kabla ya ufadhili. San Diego ni chuo cha mfumo wa Jimbo la California: ada ya msingi ya mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa 6,450, juu yake kuna ada za chuo chenyewe, halafu mgeni anaongezewa zaidi ya 400 kwa kila uniti, yaani krediti, kipimo cha uzito wa kozi. Ukichukua uniti 30 kwa mwaka hiyo ni zaidi ya 12,000 ya nyongeza. Jumla bado ni karibu nusu ya Arizona. Kwa hiyo mji wa ghali una chuo cha nafuu, na mji wa nafuu una chuo cha ghali. Dola 1,100 za Dalali zidisha kwa miezi kumi ni 11,000. Anza kulinganisha upya.

Usiniambie "nitakuwa mkaazi mwaka wa pili". California inataka zaidi ya mwaka mzima wa kuishi humo pamoja na ushahidi kwamba umehamia kuishi, na kwamba hutegemei mzazi wa jimbo lingine. Arizona nayo inataka miezi 12 na maswali ya namna hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyekuja kusoma, mama yake bado yupo Minnesota na anamwandika kwenye kodi yake kama tegemezi, anakataliwa. Nimewajazia watu fomu hizi, wamelia mbele yangu.

Arizona kwa kawaida wanapunguza ada kwa ufadhili wa alama. Barua yako ya ufadhili inasemaje? Usijibu kwa kumbukumbu, ifungue.

Mwalimu_Salome:

Naongeza la krediti, maana hapo ndipo wanaohamia wanapopoteza muhula bila kujua. Kuna krediti zilizopokelewa na kuna krediti zinazohesabika kwenye shahada yako. Si kitu kimoja. Chuo kinaweza kupokea krediti zako zote 60 kisha nusu zikakaa pembeni kama za ziada.

Mfumo wa Jimbo la California haupokei zaidi ya uniti 70 za muhula kutoka chuo cha jamii, na lazima uniti zisizopungua 30 uzisomee hapo chuoni. Halafu wana sharti la historia ya Marekani na katiba, pamoja na serikali ya jimbo la California. Hicho kipande cha California hukukisoma Minnesota, nakuhakikishia. Waandikie wote wawili leo, omba tathmini ya kozi moja moja kwa maandishi. Aliyekuambia kwa simu "zote zitapita" hatakuwepo siku ya kuhitimu.

Mtoto_wa_Theluji:

Jamani. Nimekaa chini.

Barua nimefungua. Arizona wamenipunguzia, nabaki na karibu 26,000 kwa mwaka. San Diego hawakunipa kitu, inakuja kama 21,000. Ukiongeza pango San Diego inapita. Mama mdogo anakaa mashariki kabisa ya mji, nimeangalia, basi mbili na kutembea dakika kumi na tano. Mzee, nimekuelewa.

Kote kuwili ni mkopo. Nilikuwa naandika "nitafanya kazi saa 20" kana kwamba ni jibu.

JiraniWaMississippi:

Mdogo wangu, mimi pia niko Minnesota na nimekuwa nasubiri mtu aseme, hakuna aliyesema. Familia yenu inaingiza chini ya dola 80,000 kwa mwaka?

Mtoto_wa_Theluji:

Chini sana dada. Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee.

JiraniWaMississippi:

Basi kuna mpango wa jimbo unaitwa North Star Promise, umeanza muhula wa vuli 2024. Mkaazi wa Minnesota ambaye kipato cha familia kiko chini ya 80,000, jimbo linamalizia ada iliyobaki kwenye chuo cha umma baada ya misaada mingine kuhesabiwa.

Mtoto_wa_Theluji:

Huo naujua, ndio umenilipia mwaka huu! Nilidhani ni wa vyuo vya miaka miwili tu.

JiraniWaMississippi:

Hata vyuo vikuu vya umma vya hapa. Na baadhi bado vinapokea wanaohamia.

Mhasibu_wa_Kijiweni:

Naweka kikokotoo chini.

Kiroboto:

Lakini bahari...

Mtoto_wa_Theluji:

Kiroboto usicheke, mimi ndiyo inayoniuma. Mnanihesabia fedha na mko sahihi, ila sikuandika hii mada kwa sababu ya ada. Kila ikifika Novemba nazima. Silii, sigombani, naacha tu kujibu simu. Nakosa madarasa. Mama anadhani ni uvivu. Miaka miwili mingine ya hivyo, sijui.

NesiWaZamu:

Mdogo wangu, asante kwa kusema. Unachoeleza kina jina, ni sonona ya majira, na inatibika hapo hapo ulipo. Nenda kliniki ya chuo kabla muhula haujaisha, mweleze daktari kwamba inakuja Novemba na kuondoka masika, usimwambie tu "nimechoka". Kuna taa maalumu za mwanga wa lux 10,000, unakaa mbele yake kama nusu saa kila asubuhi, ukianza mapema kabla hujazama. Wengine wanahitaji dawa au mtu wa kuzungumza naye pia. Daktari ndiye ataamua, hasa kama una tatizo la macho au umewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi.

Na kama ukitibiwa bado ukaona lazima uondoke, ondoka. Hiyo nayo ni sababu ya afya, si anasa. Ila usikimbie giza la Minnesota kwa mkopo wa dola 50,000 kabla hujajaribu taa ya dola 60.

MzeeWaTucson:

Nesi kamaliza. Naongeza moja: mwambie mama. Usimwachie aendelee kudhani ni uvivu.

Mtoto_wa_Theluji (mrejesho, baada ya siku kumi na mbili):

Wakuu, mrejesho.

Kliniki nimekwenda, nina miadi mingine wiki ijayo. Taa tumeagiza, mama ndiye kalipia. Hatukuzungumza sana, aliniuliza tu "tangu lini?" nikamwambia tangu darasa la tisa, akanyamaza, asubuhi yake akaniuliza bei.

Nimeomba vyuo viwili vya hapa Minnesota, kimoja kimeshajibu na krediti 57 kati ya 60 zinahesabika kwenye shahada. Mwalimu Salome, nimeomba kwa maandishi. San Diego nimewaandikia kuwashukuru. Arizona bado sijawajibu, siwezi kuwadanganya, nimeshindwa kubonyeza. Nina siku nane.

Mama mdogo kanikatia tiketi niende kumtembelea mwanzoni mwa Juni. Anasema nikauone mji ukiwa mbaya kabisa, nikiupenda hivyo nitarudi kwa shahada ya pili. Ndege ya kurudi inapitia San Diego, nitakaa siku mbili kwa yule rafiki.

MzeeWaTucson:

Karibu binti. Chupa ya maji iwe ya lita mbili, na kofia pana, si ile ya kina Kiroboto ya kupigia picha.

Dalali_Mstaafu:

Na huku San Diego, mwanzoni mwa Juni, lete sweta.