Mzee wangu ana 68 bado yuko kwenye pikipiki, tumsaidieje?

BintiTororo: Habari zenu wanajamvi. Baba ana miaka 68, siku za soko anabeba matoke kwa Boxer yake mpaka Tororo mjini na kurudi huwa giza limeshaingia. Lori za kwenda Malaba zikimwashia taa ful anasimama kando kabisa mpaka zipite, anasema macho yanakawia kurudi. Kumnyang'anya ufunguo siwezi, ni baba yangu na ndo riziki yake. Ni hatari kweli ama ni woga wangu?

nesi_mbale: Dada woga wako una msingi. Jicho la mzee linakawia kuzoea giza likishapigwa na mwanga, na kama ana mtoto wa jicho taa inatawanyika usoni haoni kitu, kwa hiyo apimwe macho kwanza, mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji na wengi wanaona tena. Kinachonisumbua zaidi ni mbavu. Kijana akianguka anajikung'uta anaondoka, mzee zikivunjika anaogopa hata kukohoa, makohozi yanabaki kifuani, nimonia inaingia hapo. Chuo kikuu cha Brown, Marekani, walitoa utafiti 2013, waendeshaji wa miaka 60 na zaidi waliofika hospitali baada ya ajali walilazwa karibu mara 3 kuliko wa miaka 20 hadi 39. Angalia pia dawa zake, za presha zingine zinaleta kizunguzungu. Na kama anameza za kufanya damu iwe nyepesi, akigonga kichwa ni hospitali siku hiyo hiyo hata kama anaongea vizuri.

Fundi Malaba: Wazee wengi wanaoniletea pikipiki breki ya nyuma imekwisha ya mbele bado mpya, wanaiogopa, na ukifunga breki uzito mwingi unaenda mbele, breki ya mbele ndo inasimamisha zaidi. Kwa spidi ya 50 unakula karibu mita 14 kila sekunde, mkono ukichelewa nusu sekunde tu umepita mita 7, hiyo ni zaidi ya teksi nzima. Matoke asiyapange juu juu, kwenye barabara ya murram mguu ukiteleza pikipiki inamlalia. Na pikipiki iwe na vioo vyote viwili vya kuangalia nyuma, shingo ya mzee haigeuki upesi.

Mzee Busia: Binti yangu, mimi nina 71 na bado naendesha, lakini usiku na mvua niliacha. Usimwambie amezeeka, atakasirika bure. Mwambie auze mapema arudi na jua, zikibaki mikungu mwachie mtu wa sokoni mnayemwamini. Helmeti afunge kamba ya kidevu, ikiwa wazi inaruka kabla hajafika chini.

BintiTororo: Asanteni sana, na mzee wangu Mungu akulinde. Wiki hii nampeleka macho. Fundi, vioo vya Boxer hapo kwako ni pesa ngapi, na unaweza kumfungia akipita?