Lauterbrunnen mwezi wa Julai: mama ana goti bovu, kijana anataka mlima mkali. Tupite njia zipi?

Baba Imani (Stuttgart)

Wakuu, habari zenu. Mama yangu anakuja kututembelea kutoka Tukuyu, na ni mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania. Ana miaka 68. Nguvu anazo, shambani bado anaenda, ila goti la kulia linamsumbua tangu alipoteleza akiteka maji miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo anatembea na fimbo. Tumepanga kukaa siku nne kwenye bonde la Lauterbrunnen kule Uswisi, katikati ya Julai. Tutakuwa mimi, mke wangu, mama, Imani wa miaka 16 ambaye ni mkimbiaji na anataka mlima wa kweli, na Tumaini wa miaka 6.

Nikisoma tovuti za utalii, karibu kila njia wameandika "rahisi". Rahisi kwa nani? Sitaki mama ashinde hotelini akiuangalia mlima dirishani, na sitaki Imani arudi hajatoa jasho. Aliyetembea kule kwa miguu yake mwenyewe naomba anielekeze.

Mdau wa Basel

Mkuu, pandeni treni mpaka Jungfraujoch, mita 3,454, mama aguse theluji, kazi imekwisha. Andaa mfuko tu, nauli yake si ya kitoto.

Mama Neema (Thun)

Baba Imani, karibuni sana, na mama mfikishie shikamoo yangu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu Thun. Nauguza wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kiangazi nikipata siku ya mapumziko napanda treni kwenda bonde hilo. Mimi nimezaliwa Marangu, nikikaa wiki mbili bila kukanyaga mlima mwili unadai.

Kaka wa Basel, Jungfraujoch ni pazuri, nimefika. Lakini kimo kile kwetu mtu anakikaribia siku ya pili, baada ya kulala kambi ya Mandara, Kilimanjaro, kwenye mita 2,720, na njia nzima anaimbiwa pole pole. Hapa treni inakutoa Lauterbrunnen, ambako ni karibu mita 800 sawa na Moshi mjini, na kukufikisha juu chini ya saa mbili. Kwa mama wa miaka 68 aulizwe daktari kwanza. Presha yake ikoje?

Sasa tuje kwenye goti, maana hilo ndilo litakalowapangia safari. Baba Imani, usihesabu kilomita, hesabu mita za kushuka. Kupanda kunachosha pumzi na mapaja, na mama akipumzika anaendelea. Kushuka, uzito wote unaangukia goti, hatua baada ya hatua, na ukipumzika halisahau. Nawaona kazini kila siku: mzee anapanda ngazi vizuri, kushuka anaomba mkono.

Na mimi nimelijua hilo kwa kumuumiza mtu. Mwaka 2019 alikuja shangazi yangu. Tulikuwa Mürren, kijiji kisicho na magari kilichokaa juu ya ukingo wa genge, mita 1,638. Chini yake kuna Gimmelwald, mita 1,363. Barabara ni ya lami na safari yenyewe ni nusu saa na kitu, nikasema hapa hakuna neno, tunashuka tu. Ile lami inateremka bila kukupa hata hatua kumi za kupumua. Katikati ya njia shangazi akanyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Nikageuka nikamkuta anashuka kinyumenyume, kiganja kwenye ukuta wa mawe, jasho linamtoka juu ya mdomo na upepo ni wa baridi. Hakutaka kuniambia kwa sababu mimi ndiye mwenyeji wake. Usiku ule goti lilijaa maji likawa kama papai changa, na siku tatu zilizobaki alikaa kochini kwangu. Mpaka leo jambo hilo linaniuma moyoni. Kwa hiyo hiyo njia, hata ukiikuta imeandikwa "rahisi" mara mia, mama asiipite kushuka.

Njia ambazo mama atazifurahia ni hizi.

Siku ya kwanza msipande popote. Kutoka kijiji cha Lauterbrunnen mpaka Stechelberg ni kilomita sita na ushee, mnafuata mto Weisse Lütschine kwenye sakafu ya bonde. Kuta za mawe ziko kushoto na kulia, na maji yanamwagika kutoka juu kila upande. Poromoko la Staubbach peke yake lina karibu mita 300, na kukiwa na upepo maji hayafiki chini, yanageuka moshi hewani. Raha ya njia hii ni kwamba basi linapita barabara ileile. Mama akichoka popote mnasogea kituoni. Hata kigari cha mtoto kinapita.

Siku nyingine, kutoka stesheni ya Lauterbrunnen pandeni gari la kebo, yaani kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, mpaka Grütschalp, mita 1,486. Hapo kuna treni ndogo ya kwenda Mürren, na njia ya miguu inafuatana na reli. Mnapanda kidogokidogo, kama mita 150 kwa zaidi ya kilomita nne, na ng'ambo ya bonde mnaviona vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau vimepangana. Katikati kuna kituo cha Winteregg chenye mgahawa na uwanja wa watoto kucheza. Tumaini acheze, mama anywe chai, halafu goti lenyewe liamue kama ni miguu au treni. Kurudi ni kwa treni na kebo.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Treni mpaka Wengen, gari la kebo mpaka Männlichen, mita 2,200 na kitu, halafu mnatembea mpaka Kleine Scheidegg, mita 2,061. Ni saa moja na nusu kwa watu wa kawaida. Nyie wekeni tatu. Njia ni pana, ya changarawe, inashuka mita kama 160 tu kwa urefu wote, tena taratibu. Kila mkipinda kona Eiger inakuwa kubwa zaidi. Fimbo za kutembelea ziwe mbili, siyo ile moja aliyoizoea.

Imani naye mwachie pale Kleine Scheidegg, ila usimwachie peke yake, wewe ufuatane naye. Mama, mke wako na Tumaini wanarudi Lauterbrunnen na treni. Nyie wawili mnasogea na treni mpaka Eigergletscher, mita 2,320, mnashika Eiger Trail mpaka Alpiglen, mita 1,616. Hesabu mwenyewe: mita 700 za kushuka. Mnapita chini kabisa ya ukuta wa kaskazini wa Eiger, ule uliowaua wengi kabla Wajerumani wawili na Waaustria wawili hawajaupanda kwa pamoja Julai 1938. Akiweka kiganja kwenye lile jiwe ataelewa kwa nini wanaliongelea. Alpiglen kuna kituo cha treni.

Vibao: cha njano kitupu ni njia ya kila mtu. Cha njano chenye ncha nyeupe, nyekundu, nyeupe ni njia ya mlima: buti, miguu imara, kichwa kisichoogopa kimo. Buluu yenye nyeupe ni ya wenye kamba na vyuma, msiiguse. Na saa zilizoandikwa kwenye kibao hazina mapumziko ndani yake, ni saa za kutembea tu.

Kamau (Winterthur)

Dada Mama Neema amesema yote, mimi naongeza machache. Huyo kijana kama mapafu yako sawa, mpeleke Oberhornsee. Unaanzia Stechelberg karibu mita 900 hadi kwa ziwa, mita 2,065, yaani unapanda zaidi ya elfu moja na kurudi ni kushuka hizohizo. Ni siku nzima. Kuna hoteli ya zamani ya mlimani, Obersteinberg, mnaweza kulala hapo, usiku mwanga ni wa mshumaa. Mimi nilienda mwezi wa sita mapema sana, nikakuta theluji imeziba korongo moja na nyayo hazionekani. Niligeuka. Julai kwa kawaida ni sawa, lakini ulizeni stesheni asubuhi kama njia zimefunguliwa, hata hiyo ya Eiger.

Mvua ya radi huku hupenda kuja alasiri. Muanze mapema, saa nane muwe mmekaribia kituo. Na ng'ombe wakiwa na ndama msipite katikati yao, mzunguke kwa mbali, mtoto asiwaguse. Namba ya helikopta ya uokoaji, Rega, ni 1414.

Baba Imani (Stuttgart)

Mama Neema, Kamau, Mungu awabariki. Nimechapisha yote. Swali la mwisho: Trümmelbach, yale maporomoko ya ndani ya mwamba, mama ataweza?

Mama Neema (Thun)

Ni maji ya barafu za Eiger, Mönch na Jungfrau yanapita ndani ya mlima, mpaka lita 20,000 kwa sekunde, mwamba unatetemeka chini ya nyayo. Kuna lifti inayowapandisha ndani ya mwamba. Ila baada ya lifti ni ngazi, nazo zimelowa. Mama apande na lifti, atazame yaliyo karibu, kisha ashuke na lifti hiyohiyo. Wengine hushuka kwa miguu, yeye asiwafuate. Mvalisheni koti la mvua, mle ndani ni baridi hata Julai.

Baba Imani (Stuttgart)

Tumerudi jana usiku. Imani amefika Oberhornsee na miguu yake leo haipandi ngazi za nyumbani, anafurahi ajabu. Trümmelbach mama alikaa dakika tano, akasema sauti ile inamkumbusha mto Kiwira wa kwetu wakati wa masika, akataka kutoka.

Lakini Männlichen! Tulitumia saa tatu na nusu. Mama alisimama kila mahali, na si kwa ajili ya goti. Siku ya Winteregg tulikuta familia inageuza majani yaliyokatwa kwenye mteremko mkali kabisa, mama mmoja wa umri wake ameshika reki ya mbao. Mama yangu aliinama akaokota konzi ya yale majani makavu, akayanusa, akayakunja kwenye kitambaa cha kanga. Yule mama wa Kiswisi akamwonyesha reki, mama akamwonyesha fimbo, wakacheka. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Goti halikuvimba hata siku moja.

Sasa ananiuliza jambo nimeshindwa kumjibu: yale majani wanayakata mara ngapi kwa mwaka?

Mama Neema (Thun)

Mwambie chini bondeni mara mbili, mwaka mzuri hata tatu. Kule juu kabisa kwenye miteremko ni mara moja tu, maana theluji inachelewa kuondoka na inawahi kurudi. Na yale ya juu ndiyo yananukia zaidi, ayaweke vizuri kwenye hicho kitambaa.