Wauza simu wa Kampala, "sistimu imekula" si jibu la kila kitu!

Jamani, hawa wauza simu na kompyuta wa mjini wamezidi! Mdogo wangu anasoma Makerere, kauziwa simu akiambiwa RAM (kumbukumbu ya muda ambayo simu hufanyia kazi) ni GB 16. Kufungua mipangilio, RAM ni 8. Nane nyingine ni "ya kuongezea": simu inakata kipande cha nafasi ya kuhifadhia mafaili na kukitumia kama RAM, na nafasi hiyo ina kasi ndogo mno ukilinganisha na RAM halisi. Kwenye boksi pameandikwa 8+8 kwa herufi ndogo, na stika ya bei imebandikwa papo hapo juu yake. Tumerudi dukani, muuzaji hata macho hakuinua: "Ssebo (bwana), sistimu imekula," yaani eti mfumo wa simu wenyewe ndio umeichukua.

Imekula nini? Nusu nzima?

Kinachonikera zaidi ni kwamba wanajificha nyuma ya jambo la kweli. Diski ya GB 500 ikisoma 465 kwenye Windows, hujaibiwa. Kiwandani gigabaiti 1 ni baiti bilioni 1. Windows inagawanya baiti hizo kwa 1024 mara tatu, halafu bado inaandika GB. Hesabu hiyo ya pili ilipewa jina lake tangu 1998, gibibaiti (GiB), lakini Windows hailitumii. Ndiyo maana TB 1, yaani GB 1000, inasoma kama GB 931. Baiti ni zilezile, na pengo ni asilimia 7 mpaka 9 hivi. Hakuna hesabu duniani inayogeuza 16 kuwa 8!

Na zile flashi za "TB 2" zinazouzwa elfu thelathini? Ndani unakuta chipu ya GB chache tu, imechezewa ili idanganye kompyuta. Unanakili mafaili, majina yote yanaonekana, nafasi ya kweli ikishajaa yanayofuata yanapotea kimyakimya. Jirani yangu mpiga picha kapoteza hivyo picha za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ya watu. Nani atawarudishia siku ile? Muuzaji naye akasema sistimu imekula.

Flashi yoyote mpya ipimeni kwanza kwa programu ya H2testw, ni ya bure: inaijaza data mpaka pomoni, kisha inaisoma upya na kukwambia ukubwa wake halisi. Inachukua muda, vumilieni. Na anayejua duka hapa Kampala linalorudisha pesa kipimo kikifeli, alitaje hapa chini.