Naomba ushauri: fundi wa jenereta anayekwenda mnarani peke yake, mnara wenyewe ukiwa umezima

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa utaratibu wa mafundi wanaohudumia jenereta za minara ya simu vijijini, Tanzania, mtu mmoja kwa gari moja.

Hatari kubwa ni jenereta kujiwasha. Umeme wa TANESCO ukikatika, kidhibiti kinaiamuru iwake hata kama mkono uko kwenye mkanda wa feni. Kwa hiyo: swichi iwekwe kwenye kuzima, kitufe cha dharura kibonyezwe, kisha waya hasi wa betri uvuliwe na kufungwa kando. Hasi kwanza, maana ukianza na chanya spana ikagusa bodi, inapiga shoti. Kupanda mnara peke yake ni marufuku kabisa: aliyezimia akining'inia kwenye mkanda wa usalama anahitaji kushushwa haraka.

Fundi anapiga simu kila dakika 30. Akipitisha dakika 15 zaidi bila kupiga, mtu anatumwa. Hapa ndipo tumekwama. Mnara ukizima, mtandao wa eneo lote unakufa, na huo ndio wakati fundi anaitwa. Simu ya upepo (redio ya mawasiliano)? Simu ya setilaiti? Au mlinzi mwenye pikipiki? Nini kimedumu kwenu?

La pili ni sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambana mwajiri, na ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inamlinda mwajiriwa. Fundi anayelipwa kwa kila safari, bila mkataba wa maandishi, mnamwandikishaje ili akiumia fidia isikwame?